Nafundisha fiziolojia ya mazoezi chuoni bila maabara. Nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Muhula ujao nimepangiwa fiziolojia ya mazoezi, mwaka wa pili, wanafunzi kama mia na ishirini. Nilichorithi ni desa la slaidi za zamani, mashine mbili za presha, mzani mmoja, na baiskeli ya mazoezi ya mkanda ambayo mkanda wenyewe umekatika. Kifaa cha kupima oksijeni hakuna. Wanafunzi wanakariri mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa hatua za kikemikali za kupata nishati ndani ya seli, hadi mshale wa mwisho, lakini ukiwauliza kwa nini mtu anahema akipanda ngazi, wanatazamana. Nianzie wapi? Na mkuu wa idara akiniuliza ninataka kifaa gani kwanza, nimwambie treadmill, ile mashine ya kukimbilia?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, hongera kwa somo na pole kwa desa. Nianze na hao wanaotazamana, kwa sababu hapo ndipo penye kazi.

Kinachokukwamisha kwanza ni mpangilio wa somo, na maabara inafuata baadaye sana. Mitaala mingi inafuata sura za vitabu vya kiada: wiki ya kwanza ATP, ya pili glaikolisisi, ya tatu Krebs, ya nne mnyororo wa elektroni. Mtu anayekimbia haonekani mpaka wiki ya sita. Kufikia hapo mwanafunzi ameshaamua kwamba hili ni somo la kukariri, na ukimbadilishia ghafla anaona unamtafutia sapu. Geuza. Anza na mtu mzima mwenye viatu miguuni, anayetembea, anayepanda ngazi, anayekimbia. Seli ije pale swali litakapowafikisha huko wenyewe. Mimi Krebs naiweka wiki ya nane. Wakati huo mwanafunzi anajua oksijeni imefikaje kwenye msuli, na anataka kujua inakwenda kufanya nini humo ndani. Ataikariri tu, lakini angalau atajua anakariri nini.

Muhula mzima uutundike kwenye mlinganyo mmoja, ule wa Adolf Fick wa mwaka 1870. Oksijeni ambayo mwili unatumia kwa dakika ni mapigo ya moyo kwa dakika, mara kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo, mara tofauti ya oksijeni kati ya damu inayotoka moyoni na ile inayorudi. Andika ubaoni tarakimu za mtu wa kilo 70 aliyekaa kimya: mapigo 70, kila pigo mililita 70 za damu, na kila lita ya damu inaacha mwilini mililita 50 za oksijeni. Wapige hesabu wenyewe. Watapata lita 4.9 za damu na mililita 245 za oksijeni kwa dakika. Gawa kwa kilo 70, unapata mililita 3.5 kwa kila kilo. Tarakimu hiyo wameshaiona kwenye desa, imekaa pale kama amri kutoka juu. Sasa wameitengeneza wao.

Kisha waulize: moyo wa mkimbiaji wa marathoni akifika mwisho wa uwezo wake unapiga mara ngapi kwa dakika? Waandike jibu kwenye karatasi kabla hujasema lolote. Wengi wataandika 220, wengine 250, kwa sababu wanadhani moyo wenye nguvu ni moyo wa haraka. Ndipo uweke hesabu mbili za kufundishia. Kijana wa miaka 20 asiyefanya mazoezi, kilo 70: mapigo 195, pigo moja mililita 110, tofauti ya oksijeni mililita 150 kwa lita. Hiyo ni kama lita 3.2 za oksijeni kwa dakika, sawa na mililita 46 kwa kilo. Mkimbiaji wa daraja la juu, kilo 58: mapigo 190, pigo moja mililita 145, tofauti 160. Anafika lita 4.4, yaani mililita 76 kwa kilo. Mapigo yake yako chini kidogo ya yule wa kwanza. Darasa litanyamaza, halafu mtu atauliza huo ujazo wa pigo unaongezekaje. Hilo ndilo somo lako la wiki mbili zinazofuata, na hukulilazimisha.

Ukiutazama mlinganyo huo vizuri, kozi yote imo. Mapigo yanakupeleka kwenye mishipa ya fahamu na homoni. Ujazo wa pigo unakupeleka kwenye misuli ya moyo, kiasi cha maji ya damu, na kwa nini asiyekunywa maji anachoka mapema. Tofauti ya oksijeni inafungua mlango wa mapafu, himoglobini, upungufu wa damu unaoletwa na malaria au uhaba wa madini ya chuma, kapilari, na mwishowe mitokondria na Krebs wako.

Sasa mazoezi ya vitendo. Jaribio la kwanza liwe la kupanda na kushuka benchi, lile la Queens College ya New York. Linahitaji kimo cha sentimita 41.3, dakika tatu, na mdundo. Programu yoyote ya metronomu kwenye simu inatosha: midundo 96 kwa dakika kwa wanaume, 88 kwa wanawake, kila mdundo unyayo mmoja. Vidato viwili vya ngazi mara nyingi havifiki kimo hicho, kwa hiyo pima kwa futi, na ongezea ubao chini ya benchi ikibidi. Dakika tatu zikiisha mtu anabaki amesimama, na mapigo yanahesabiwa kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 20, halafu unazidisha kwa nne. Kinachokadiriwa ni VO₂max, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kutumia, kwa mililita kwa kilo kwa dakika. Kwa mwanamke ni 65.81 kutoa 0.1847 mara mapigo. Kwa mwanamume ni 111.33 kutoa 0.42 mara mapigo. Msichana aliyehesabiwa mapigo 41 kwa sekunde hizo 15 ana 164 kwa dakika, na kadirio lake ni kama 35.5.

Usiishie kwenye jibu hilo. Weka wahesabuji wawili kwa mtu mmoja, mmoja kwenye kifundo cha mkono na mwingine shingoni, wasisikilizane. Hapo kelele zinaanza. Mmoja amepata 41, mwenzake 44. Pengo la mapigo matatu likizidishwa kwa nne ni 12, na 12 hayo kwenye mlinganyo wa wanawake yanabadilisha jibu kwa mililita 2.2, lakini kwenye wa wanaume yanalibadilisha kwa mililita 5. Kosa ni lile lile, madhara ni zaidi ya maradufu. Waache wabishane kwa nini. Wataanza kuuliza milinganyo hii ilipatikana kwa akina nani, na kama wanafunzi wa New York wa miaka ya 1970 wanafaa kuwa kipimo cha mtu aliyekua akitembea kilomita sita kwenda shule. Hakuna mhadhara utakaowafundisha makosa ya vipimo vizuri kuliko nusu saa hiyo. Tahadhari moja: shingoni waguse upande mmoja tu, kwa wepesi. Ukibonyeza sana pale, moyo wenyewe unapunguza mapigo na kipimo kinaharibika. Ukibonyeza pande zote mbili, mtu anaweza kuzirai.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata saa nzuri. Wanafunzi wako watakuja na imani waliyoipata kwa makocha, kwamba maumivu ya siku ya pili baada ya mazoezi ni asidi ya laktiki iliyojaa kwenye misuli. Imani hiyo ina ukoo wa heshima. Mwaka 1907 Fletcher na Hopkins wa Cambridge walionyesha kwamba msuli wa chura ukichokoshwa bila oksijeni unarundika asidi hiyo, na A. V. Hill na Otto Meyerhof waligawana Nobeli ya mwaka 1922 kwa kazi iliyogusa humo humo. Ni rahisi kuona wazo lilivyoteleza kutoka maabara hadi uwanjani. Usiwaambie wamekosea. Wapeleke kwenye benchi.

Kila mwanafunzi atapanda na kushuka kwa dakika kumi, polepole, kwa sharti moja: mguu wa kulia ndio unaotangulia kupanda, na ndio unaotangulia kushuka. Wajaribu mara mbili tatu kabla ya kuanza, maana kichwa kinapenda kubadilisha. Tazama kinachotokea. Kulia kunainua mwili wote, paja linafanya kazi huku msuli ukijifupisha. Kisha kulia kunashuka, na kushoto, kulikobaki juu ya benchi, kunauteremsha mwili kwa kuuzuia, msuli ukifanya kazi huku unarefuka. Mguu mmoja ni lifti, mwingine ni breki. Waulize wakati wanaendelea: upi unachoka? Karibu wote watasema wa kulia. Waandike utabiri: kesho kutwa utauma upi?

Kama laktati, yaani hiyo asidi ya laktiki, ndiyo inayoumiza, basi mguu wa kulia, uliofanya kazi ghali zaidi, ndio ungepaswa kuuma. Baada ya siku mbili wanakuja darasani wakishuka vidato kwa kuchechemea, na paja linalowauma ni la kushoto. Wapo watakaolalamikia shavu la mguu wa kulia. Usishangae, kila waliposhuka ndilo lililopokea uzito chini na kuzuia kisigino. Kwa jaribio hili kila mtu ana mguu wa kulinganisha na mwingine, damu ni ile ile, chakula kile kile, usingizi ule ule. Hapo sasa unaweza kuwaambia kwamba laktati hurudi karibu na kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kazi, kwamba maumivu yanatokana na nyuzi za msuli zilizoumizwa kwa kurefushwa zikiwa kazini, na kwamba tangu miaka ya 1980 George Brooks wa California ameonyesha laktati ni kama kuni za mwili: msuli mmoja unaitengeneza, moyo na misuli mingine inaichoma. Wataelewa, kwa sababu paja linawauma wakati unasema.

Dakika kumi zinatosha. Usiongeze kwa kuwa darasa linafurahia. Mwambie kila mmoja kwamba akiona mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza au misuli imevimba, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Na kabla ya jaribio lolote, fomu ya afya. Ule mtindo wa maswali saba ya PAR-Q unatosha: maumivu ya kifua, kizunguzungu, tatizo la moyo, presha, viungo na mengineyo. Kwetu ongeza selimundu, pamoja na wale waliorithi nusu tu na hawaumwi, pumu, ujauzito, na malaria ya karibuni. Mwanafunzi anaruhusiwa kukataa bila kueleza sababu. Mpe kazi ya kuhesabu au kuandika, na apate alama zile zile. Alama ni za ripoti, kamwe si za pumzi. Usimpime mtu uzito mbele ya darasa. Nimeona wasichana wakiacha kuja vipindi vya vitendo kwa sababu mzani uliwekwa mlangoni na mtu akawa anasoma kilo kwa sauti. Mwezi wa Ramadhani hamishia majaribio mazito mwanzoni au mwishoni mwa muhula, na ukibaki na wafungaji tumia fursa hiyo kuzungumzia glaikojeni ya ini, yaani akiba ya sukari, mada ambayo watakuwa wanaijua kwa matumbo yao.

Sasa mifano. Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tuna utajiri kuliko vyuo vyenye mashine. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mzigo ulipokuwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia oksijeni zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Mtu wa kilo 60 anabeba kilo 12 bure. Mwaka 1995 watafiti wa kundi lile lile walieleza kwamba siri iko kwenye mwendo: wanapobeba, mwili unapoinuka na kushuka kwa kila hatua wanapoteza nishati kidogo kuliko sisi wengine. Baadaye watafiti wengine wakawapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, na unafuu huo hawakuuona. Mpe mwanafunzi matokeo yote mawili na umwache ajibu swali la kwa nini. Miaka ya mazoea? Njia ya kupima? Watu waliochaguliwa? Darasani kwako kuna mtu aliyekua akibeba ndoo na ngata yake, na atakuwa na la kusema kabla ya profesa yeyote. Asiyezoea asibebeshwe kichwani. Ampime mwenzake mapigo na aandike.

Kwa chakula, kuna kazi ya mwaka 2004 ya Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake juu ya wakimbiaji wa Kenya, ambao kama robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, ugali na sukari ya kwenye chai vikiwa mbele. Inatosha kuzima mjadala wa virutubisho vya kwenye makopo. Kwa uwezo wa mapafu na miguu, chukua kazi ya Bengt Saltin iliyochapishwa mwaka 1995: VO₂max ya Wakenya haikuwapita mbali wenzao wa Skandinavia, lakini kwa kasi ile ile Wakenya walitumia oksijeni kidogo. Mlinganyo wa Fick peke yake hautoshi kumtabiri mshindi, na ni vizuri wanafunzi waujue mpaka wake.

Kwa joto huhitaji kwenda mbali. Aprili 2025 Mtanzania Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2:05:04 na kushika nafasi ya pili. Septemba mwaka huo huo, Tokyo, alikimbia kwa 2:09:48 na kuwa bingwa wa dunia, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Je, uwezo wake ulishuka kwa miezi mitano? Hilo ni swali la mtihani lenye alama 20. Atakayelijibu vizuri atataja kwamba njia ya Boston inateremka na asubuhi ya Tokyo ilikuwa ya joto na unyevu. Kwamba lita moja ya jasho likikauka lote inaondoa joto la kama kilojuli 2,400, lakini linalodondoka chini haliondoi kitu. Kwamba damu inagawanywa kati ya ngozi na misuli, ujazo wa pigo unapungua na mapigo yanapanda kwa kasi ile ile. Na kwamba mashindano ya ubingwa hukimbiwa kwa kuviziana. Hakuna desa lenye jibu hilo. Nusu ya mtihani wako iwe ya aina hiyo, nusu ibaki ya kawaida, maana ukigeuza yote kwa mara moja utafelisha hata wanaoelewa.

Kuhusu wingi wao: makundi ya sita sita, na kila mmoja na kazi yake, anayepimwa, wahesabuji wawili, mshika saa, mwandishi, na msimamizi wa usalama. Wabadilishane kila wiki. Mhadhara ni wa Kiingereza na mtihani pia, lakini kwenye makundi waache wabishane kwa Kiswahili. Ukipita na kusikia wanabishana kwa Kiingereza, ujue wamekuona unakuja.

Sasa vifaa. Baiskeli yako usiitupe. Kama ni ile ya gurudumu zito na mkanda wa kukaza, fundi baiskeli anaweza kuweka mkanda mwingine, na wewe unaisahihisha kwa kuning'iniza mawe ya mizani ya uzito unaojulikana. Kwenye aina iliyozoeleka gurudumu husafiri mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Mzigo wa kilo 2 kwa mizunguko 60 kwa dakika ni wati 118 hivi. Hiyo ni kazi inayopimika, na ukiwa nayo unaweza kufanya jaribio la Åstrand, la kukadiria VO₂max, kwa kutumia mapigo peke yake.

Mkuu wa idara akikuuliza, omba mikanda ya kifuani ya kupimia mapigo, mitano au sita, na betri za akiba. Vile vipimo vya kidoleni vilivyojaa tangu wakati wa korona vinafaa kwa mtu aliyetulia. Mkono ukitikisika vinadanganya. Mashine ya kuchambua hewa iache kwanza. Nimeziona katika vyuo, zimefunikwa kitambaa, zimekwama kwa kukosa mtungi wa gesi ya kusahihishia au sensa iliyokwisha muda wake, na bajeti ya mwaka haina kifungu cha vitu hivyo. Na treadmill usiiombe kabisa mpaka jengo lenu lipate umeme wa akiba: mwanafunzi akiwa kwenye kilomita 14 kwa saa, mkanda ukasimama ghafla, atakayeandika maelezo ya ajali ni wewe.